Giza Lisilopita

Mita ilisema ujazo kumi na mbili kwa saa,
karani akaandika kumi na mbili kwa wino wa bluu,
beseni la kukaushia likatoa chumvi ya ujazo saba.

Tano zilikwenda wapi?
Uvinza haikosi jibu: reli iko jirani,
gunia lina mdomo, usiku una mlinzi.
Wakamtazama Ntakije.
Hakuna aliyesema neno. Walimtazama tu,
kama mtu anavyotazama mfuko wa mwenzake.

Mimi niliomba siku nne na bomba moja.

Nikalitoboa matundu kumi na sita kuzunguka kiuno,
nikayaziba kwa bolti za chuma kisichoshika kutu:
kumi na nne za dukani Kigoma mjini,
mbili za kitanda chakavu cha zahanati.
Kila bolti na waya wake, kila waya na namba yake,
na umeme mdogo, wa kumtekenya mtu tu:
hawa wawili waseme, wengine wasikilize,
kisha jirani zao, kisha jirani za jirani,
mpaka duara lijifunge.
Majibu mia moja na nne.
Kwa hayo kompyuta inapapasa kama mkunga:
hapa kichwa, hapa mgongo,
hapa sijui.

Maji ya chumvi hupitisha umeme: yakatoka meupe.
Mvuke haupitishi: ukatoka mweusi.
Chumvi iliyoganda nayo haipitishi.
Nyeusi pia.
Hilo ndilo tatizo la picha yangu, nalitaja mapema:
rangi ziko mbili, na ndani ya bomba wamo watatu.

Siku ya kwanza, juu kabisa, giza.
"Mvuke huo," akasema fundi mkuu Bulakuvye.
"Mvuke hupanda, hata mtoto wa chekechea anajua."
Akaenda kunywa uji.

Ni kweli, hupanda.
Lakini mvuke una haraka.
Huja kwa mafungu, kama abiria treni ikisimama dakika tatu:
fungu, kimya, fungu,
viputo vidogo vikikimbilia migongo ya vikubwa.
Nilikaa mbele ya kioo, picha kumi kwa sekunde,
nikaona weusi mdogo ukija, ukienda, ukija.
Ule wa juu ulikaa.
Saa nane usiku ulikuwepo.
Alfajiri boila likazimwa, mvuke ukaisha,
ulikuwepo.
Bolti ya kumi na sita, ya kwanza na ya pili
zilikuwa zimeacha kujibu.

Kinachopita hupita, nikaandika daftarini,
kisha nikakata mstari, kwa kuwa hicho si kipimo.
Nikaandika: weusi, sehemu nne kwa kumi.

Alhamisi tukafungua flanji. Spana mbili, matusi mengi.
Chumvi ilikuwa darini mwa bomba,
ya kijivu, ngumu, tabaka juu ya tabaka:
kila tone lililoruka likagusa chuma cha moto, likabaki.
Picha yangu ilikuwa imechora doa la mviringo
mahali palipokuwa na mwezi mwandamo, pembe zikining'inia.
Ukubwa sawa. Umbo, samahani.

Na mita, maskini, haikudanganya.
Yenyewe inajua kasi, haijui upana.
Ilipima maji yanayokimbia kwa kubanwa,
ikazidisha kwa bomba lile la zamani,
jipya, pana, la siku ya kufungwa.

Bulakuvye akapangusa mikono muda mrefu
kuliko ilivyokuwa michafu.

Ntakije hakuja kuona.
Nilimpelekea kipande kibandani, kizito kama tofali.
Akakigeuza. Akakiramba pembeni.
Ina uchungu kidogo, akasema.
Akauliza nani wengine wameonyeshwa.
Karani, nikamwambia, na meneja, na wa zamu ya mchana.

Akanirudishia.
"Kipeleke nyumbani kwangu," akasema.
"Muonyeshe mke wangu."